Minyororo Kwenye Mforosadi

“Basi niambie, Kaka Khazir, doa hili nilifiche wapi?”

Taja alikuwa amelishika shuka kwa ncha zake mbili, kaliinua juu ya ukuta unaotenganisha nyua zao, kama mwindaji anayeonyesha ngozi ya chui.

“Ligeuze upande wa pili,” akasema Khazir.

“Limepenya mpaka upande wa pili.”

“Basi umeuziwa shuka jepesi.”

Mimi nilikuwa mlangoni pa duka langu la mikate. Nyuma yangu mikate ilikuwa imeanza kuungua tanurini, lakini sikusogea, na wateja nao hawakunikumbusha. Duka langu linatazamana na nyua zote mbili. Hilo si kosa langu. Baba yangu ndiye aliyelijenga pale, naye alipenda habari za watu kuliko mimi.

Taja ni mjane, na siku zile alikuwa anamwoza binti yake wa pekee, Shakila. Alikuwa amefua mashuka yote ya karamu, yale marefu meupe yanayotandikwa sakafuni wageni wakae huku na huku, akayaanika kwenye kamba chini ya mforosadi. Shina la mforosadi ule liko kwa Khazir, lakini tawi lake kubwa limevuka ukuta likaingia kwa Taja. Na kwenye tawi hilo, kila Oktoba, Khazir hutundika minyororo ya matairi ya gari lake, ile inayovishwa magurudumu yasiteleze kwenye theluji. Kwanza huiosha kwa maji moto na majivu, kisha huimiminia mafuta ya haradali, halafu huiacha ining'inie ijidondoshe yenyewe mpaka kila pete iwe imekunywa ikashiba. Yaliyobaki baada ya kushiba yalikuwa yameangukia shuka la Taja.

Mtu akiwa na haki huwa anaweza kuongea taratibu. Wote wawili walijiona wana haki, kwa hiyo wakaanza taratibu. Taja alisema watu wengine mafuta ya haradali wanakaangia, si kuogeshea chuma. Kutoka jikoni Mukhta, mkewe Khazir, akapaza sauti kwamba leo jirani kasema kweli, minyororo ile inakunywa mafuta kuliko watoto wote aliowazaa. Watu wakacheka. Hapo ndipo mambo yalipoharibika, kwa sababu Khazir anastahimili kutukanwa lakini hastahimili kuchekwa. Akasema chuma kile kimewapandisha mlima huu wagonjwa wa kijiji, na unga wa kijiji, na marehemu wa kijiji. Taja akamwuliza theluji iko wapi. Matufaha bado yako mitini, nyuki bado wanazunguka, yeye anavalisha gari viatu vya baridi. Si angoje Desemba kama madereva wenzake?

“Wenzangu,” akasema Khazir, kama mtu aliyeuma punje ya mchanga.

Na Taja, ambaye kwa kawaida ana adabu ya kuazimisha, akasema neno ambalo nadhani hata yeye lilimshtua.

“Asiyejua mafuta yake yanadondokea wapi, asije kunikanyagia karamu.”

Dukani kwangu mtu akaangusha mkate. Kwetu unaweza kugombana na jirani kwa mpaka, kwa jogoo, kwa theluji ya paa lake kuporomokea mboga zako, na bado siku ya harusi mkala pamoja. Kumzuia mtu karamu, tena jirani wa ukuta mmoja, hilo halisemwi.

“Naapa,” Khazir akasema, “sitavuka kizingiti chako hata unitandikie hariri.”

Akapanda ngazi, akaitoa minyororo mtini, akajitwika mabegani jozi mbili zote, akaingia nayo bandani inalia kama njuga.

Sasa tusidanganyane, Khazir si mnyenyekevu. Ukimsikiliza, kila gari lililowahi kutumbukia bondeni kati ya mji wa Tangmarg, kule chini, na huku kwetu lilitumbukia kwa sababu dereva hakumwomba yeye ushauri. Lakini mpe haki yake. Mimi nimeona watu wakinunua minyororo ya matairi kama wanavyonunua vitunguu: wanainyanyua, wanaona ni mizito, wanafurahi. Khazir huilaza chini kwanza, aone kama inalala imenyooka au imejikunja kama nyoka mgonjwa. Kisha huipitisha pete kwa pete shavuni mwake, kwa sababu mkono wa dereva umekufa ganzi siku nyingi lakini shavu bado linahisi ukucha wa chuma. Ile inayong'aa sana haitaki. Anasema mnyororo unaong'aa kuna kitu unaficha. Na hata ukimpa bure mnyororo wa tairi kubwa au dogo kuliko la gari lake haupokei, kwa sababu, anasema, nani amewahi kupanda mlima kwa kiatu cha jirani?

Tulicheka sana wiki ile. Kisha, alfajiri ya siku iliyotangulia karamu, theluji ikaanguka.

Haikuwa theluji ya kucheza nayo. Ilikuwa nzito, yenye maji, ile ya kabla ya wakati wake, ambayo huyakuta majani bado mtini na kuyavunja matawi kwa uzito. Tuliamka na sauti ya mitufaha ikikatika bondeni, kama mtu anayevunja kuni bila kupumzika. Taja alisimama barazani, na nyuma yake kondoo wa karamu walikuwa wanalia uani. Wao peke yao ndio walioonekana hawana haraka.

Kondoo walikuwepo, mchele ulikuwepo, kuni zilikuwepo. Wapishi hawakuwepo. Mpishi mkuu Sidiq na vijana wake, pamoja na masufuria yao ya shaba, magogo ya kupondea nyama na visu, walikuwa kwenye kilori kilichokwama kwenye kona kali ya chini. Na nyama ya rista na gushtaba, yale madonge laini ambayo ndiyo heshima ya karamu yetu, hupondwa ikiwa bado na joto la mnyama, halafu hupikwa usiku mzima. Wapishi wasipofika kabla ya jua kupinda, hakuna karamu. Watu wa bwana harusi watakula wali na maziwa ya mgando, watashukuru, watatabasamu, na Shakila ataisikia shukrani hiyo kwa mama mkwe wake mpaka awe na wajukuu. Taja alikuwa ameweka akiba ya karamu ile tangu siku alipofiwa. Sikumwona akilia. Nilimwona akihesabu masinia ambayo alikuwa ameshayahesabu.

Madereva wetu wengine walikimbilia minyororo yao. Mmoja aliikuta chini ya rundo la kuni za baridi nzima. Mwingine alikuwa amemwazimisha shemeji yake wa Baramulla tangu Machi. Wa tatu aliitoa ndani ya gunia imeshikana kwa kutu, donge moja, unaweza kulirusha likavunja ukuta. Oktoba. Nani huandaa minyororo Oktoba?

Hapo ndipo kaka yake Taja, mzee Samad, alipopata wazo. Mzee Samad ni mtu wa mawazo. Akawakumbusha watu kwamba babu zetu walipanda mlima huu na viatu vya majani ya mpunga, vilivyosokotwa kwa mkono, na hakuna aliyeteleza. Gari nalo lina miguu, akasema, na mguu ni mguu. Akampigia simu Sidiq amwelekeze. Wapishi wakaomba majani ya mpunga kwenye zizi la karibu, wakayasokota kamba, wakayavalisha matairi ya kilori viatu vya babu. Nasikia vilipendeza. Kilori kilitembea hatua chache kama bwana harusi, kisha majani yakashika theluji, theluji ikawa barafu, na viatu vikawa mawe manne ya mviringo. Kilori kikarudi nyuma chenyewe, polepole, kikaingiza makalio mferejini.

Sidiq alipopiga simu tena, mzee Samad alimpa dada yake simu.

Taja akatembea mpaka ukutani. Hakuzunguka kwenye lango. Alikwenda palepale chini ya mforosadi, na mimi nikafuta unga mikononi nikasogea kusaidia, ingawa sikujua kusaidia nini.

“Kaka Khazir.”

Bandani pete zikagongana.

“Kaka Khazir, wapishi wangu wako kwenye kona ya chini.”

“Minyororo yangu inadondosha mafuta,” sauti ikajibu.

“Iache idondoshe.”

“Niliapa sitavuka kizingiti chako.”

“Nani kakwambia uvuke? Barabara haina kizingiti.”

Akatoka. Mukhta alinieleza baadaye kwamba mumewe alikuwa bandani tangu alfajiri, amevaa kila kitu mpaka kofia, ndoano za minyororo kaziweka ndani ya joho karibu na kangri, kile kikapu cha makaa tunachotembea nacho tumboni, ili zisiume vidole wakati wa kufunga. Muda wote huo alikuwa anamwapia mkewe kwamba leo haendi popote.

Taja akalitupa shuka lenye doa juu ya ukuta. Likaanguka miguuni mwa Khazir.

“Theluji imeloa,” akasema. “Ukifunga utalalia nini? Lalia hilo. Limekwisha chafuka.”

Nimesikia watu wakiombana radhi msikitini, nimesikia wakiombana mbele ya hakimu, na mara moja nimesikia mtu akiomba radhi kwa shairi. Sijasikia iliyonyooka kama ile. Khazir aliliokota shuka, akalikunja vizuri, akalitia kwapani.

Basi tukamwona akichagua. Jozi moja ilikuwa ya ngazi, minyororo imepita mapana ya tairi kama vidato. Nyingine ilikuwa ya wavu, imekatizana. Mzee Samad akasema ya ngazi ni minene zaidi, tuondoke. Khazir akamjibu akiwa amekwisha piga magoti kwenye shuka.

“Ngazi inapanda, mzee, lakini kwenye kona iliyoinama inateleza ubavu kama kigoda cha miguu miwili. Wavu unashika mbele na unashika ubavuni. Kurudi nitakuwa na masufuria ya watu, si viazi.”

Ya wavu akaivalisha magurudumu ya nyuma, ndiyo yanayosukuma gari lake, lile la abiria aina ya Sumo. Ya ngazi akaipeleka mbele, kwa sababu tunaanza kwa kushuka, na kushuka, alisema, gurudumu la mbele lisipoking'ata kitu dereva anakuwa abiria. Akalala chali juu ya shuka la karamu. Mnyororo aliulaza juu ya tairi kutoka kileleni, pande zote sawa, akaifunga ndoano ya ndani kwanza, kwa kupapasa, macho yakitazama angani kama mtu anayesikiliza hadithi. Kisha ya nje. Kisha akasogeza gari nusu mzunguko, akakaza tena, na mwisho akavuta mpira aliokata kwenye tyubu kuukuu, akaukatiza kwenye uso wa gurudumu ili kusiwe na pete inayocheza. Vidole vile ni vinene kama mikate yangu, lakini vilikwenda kama vya fundi wa kufuma shali.

Tulipoondoka, mimi na mzee Samad na majembe, tulifika tu kwenye msikiti, Khazir akasimamisha gari na kushuka. Mzee Samad akaanza kulalamika kwamba sasa ni muda wa kwenda haja? Lakini alikuwa anakaza minyororo upya. Mnyororo haujui tairi lake mpaka litembee kidogo, akasema, ni kama mkwe. Nao kweli ulikuwa umelegea mahali ambapo mwanzo hapakuingia hata kidole.

Akashuka kwa gia ya chini kabisa, breki haigusi, injini inanguruma kwa kujizuia. Mzee Samad alikuwa anamweleza jinsi ambavyo majani ya mpunga yangefanya kazi kama yangesokotwa na watu wanaojua. Mimi nilikuwa namweleza habari za harusi nyingine. Khazir akasema, bila kugeuka, kwamba anaomba tunyamaze, kwa sababu minyororo inaongea na yeye hasikii. Nikanyamaza. Wanaonijua hawaamini. Na nilipokwisha nyamaza, nami nikasikia: mlio mmoja uliotulia, kama mvua ya mawe juu ya bati mbali sana.

Tuliwakuta wapishi wamejipanga kando ya barabara wakiwa na masufuria makubwa kichwani dhidi ya theluji, kama uyoga wa shaba. Kilori kilikuwa na viatu vyake bado. Khazir alivitazama, akamtazama mzee Samad, akaenda kufungua mlango wa nyuma wa gari lake. Dereva wa kilori akamsihi: jozi ile ya mbele, si tuivute kidogo iingie kwenye matairi yake? Khazir akakataa. Tairi la kilori ni nene. Mnyororo ukilazimishwa utashika leo, na utakatika palepale pabaya, ukipiga bomba la breki wakati watu wako ndani. Mizigo ihame. Kama ni safari tatu, ni tatu.

Tukapakia masufuria, magogo, visu, na Sidiq mwenyewe mbele akiwa amekumbatia mfuko wa viungo kama mtoto mchanga. Gari likapanda. Halikukimbia wala halikusita. Ukizungusha gurudumu kwa hasira, Khazir husema, unachimba kaburi lako kwa mguu. Likafika kwenye kona kali nyingine, ya juu zaidi, upande mmoja mlima, upande mwingine vilele vya misonobari chini yetu, na katikati ya kona mlio ukabadilika. *Tik. Tik. Tik.* Mimi nisingeusikia kama nisingekuwa nimefundishwa kunyamaza muda mfupi uliopita. Khazir akasimama hapohapo, akaingiza gia, akavuta breki ya mkono, akatuambia tuweke mawe nyuma ya magurudumu, akalitandaza shuka. Pete moja ya wavu ilikuwa imefunguka mdomo na ncha yake ilikuwa inapiga chuma cha gari. Aliifunga kwa waya, akaukunja waya mara mbili na kuupigapiga kwa jiwe, akapitisha shavu lake juu yake, kwenye baridi ile, akaridhika.

“Imenunuliwa mwaka aliozaliwa Shakila,” akasema akipanda. “Ina haki ya kuchoka.”

Tulipofika, Taja alikuwa langoni. Khazir alisimamisha gari pua yake ikiwa mbele tu ya kizingiti. Wapishi wakaanza kushusha, na yeye akabeba masufuria kutoka kwenye gari mpaka kwenye lango, akimkabidhi mtu wa ndani, bila mguu wake kupita mstari. Kiapo ni kiapo. Akageuza gari, akarudi kwa mzigo wa pili, na wa tatu. Alipomaliza wa tatu, tayari kutoka kwa Taja ulikuwa unasikika mlio wa magogo yakiponda nyama, mapigo kumi ya mikono kumi, na kijiji kizima kikapumua. Niliwasha tanuri upya. Taja alitoka barazani akasimama tu, akisikiliza mapigo yale kama mtu anayesikiliza muziki alioulipia mwenyewe.

Kesho yake madereva wengine walikuwa wamekwisha ichimbua minyororo yao, kuipiga nyundo na kuimiminia, ndiyo, mafuta ya haradali. Msafara wa bwana harusi ukapanda kutoka Tangmarg gari nyuma ya gari, na wa mbele kabisa alikuwa Khazir, akienda mwendo wa ng'ombe mwenye mimba, hakuna aliyethubutu kumpita. Bwana harusi alipanda kwenye gari lake. Mama yake bwana harusi vilevile, na nasikia njia nzima alikuwa akimsifu Mungu, na chini kidogo ya Mungu, dereva.

Wageni wakaingia. Mashuka meupe yakatandikwa. Vijana wakapita na birika na beseni, watu wakanawa, wakakaa wanne wanne. Kwetu sinia ni la watu wanne. Halifunuliwi kwa watatu. Kwenye kona yetu tulikaa mimi, mzee Samad na dereva wa kilori, mikono imeoshwa na imeinuliwa, sinia limefunikwa mbele yetu, harufu inatoka pembeni mwa kifuniko bila huruma. Wa nne hakuwepo. Mpishi Sidiq akatutazama kwa hasira, kwa sababu rista hazingojei mtu.

Kupitia dirishani nilimwona Khazir nje ya lango. Alikuwa amekwisha ivua minyororo, kwa sababu mbele ya lango palikuwa pamefagiwa na mawe makavu hula mnyororo. Alikuwa ameipanga kwenye ubao, anaifuta pete kwa pete. Taja akapita katikati ya wageni. Akasimama kwenye kizingiti, yeye ndani, Khazir nje.

“Watu watatu wamenawa mikono,” akasema. “Wanakungoja wewe.”

“Dada Taja, niliapa.”

“Uliapa hutavuka hata nikikutandikia hariri. Nilikusikia, mwokaji alikusikia, kijiji kilikusikia.” Akasogea pembeni ili Khazir aone ndani. Pale tulipokaa sisi watatu, chini ya sinia letu, palikuwa na shuka ambalo lilifuliwa usiku na kukaushwa kwenye moto wa wapishi, na katikati yake lile doa la mafuta, pana kama kiganja, halikutoka. Nilikuwa nimelikalia nusu bila kuliona. “Hii si hariri, kaka yangu. Mwambie huyo mwokaji akupishe mahali pako. Ingia ule.”